Maswali ya Wasomaji: Mchoro, Umbo na Haki ya Mbunifu

Barua za toleo hili zimetoka katika karakana, madarasa na vibanda vya biashara, lakini zote zinagusa jambo moja: mtu amebuni kitu, amekionyesha kwa mchoro, kwa picha au kwa mfano, na sasa anauliza ni kipi kati ya vile alivyovionyesha ambacho bado ni chake. Tumechagua barua sita na kuzifupisha bila kubadili maana. Majina ya waandishi tumeyaacha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Nilibuni kigoda cha mninga ambacho ukikikunjua kinakuwa ngazi ya vidato vitatu. Mteja mmoja aliomba picha, nikampigia kwa simu na kumtumia, pamoja na picha ya mchoro wa kalamu nilioupiga juu ya kipande cha plaiwudi. Haukupita mwezi nikakiona kigoda kile kile katika karakana ya mtaa wa pili, ila bawaba zimekaa vibaya na kidato cha juu kinacheza. Nilikosea wapi, na nina haki gani?

JIBU: Ndugu fundi, hizo bawaba zilizokaa vibaya zinaeleza kisa chote. Aliyekuiga alikuwa na picha lakini hakuwa na mchoro wa kazi. Alijua kigoda kinafananaje, hakujua kinafungwaje. Kwa hiyo ile sehemu ambayo pengine wewe unaiona kuwa ndiyo akili ya kazi yako, yaani namna vidato vinavyojikunja bila kumbana mtu kidole, bado unayo mwenyewe, na kilichokutoka mkononi ni sura tu. Kwa bahati mbaya, sura ndiyo hasa inayolindwa na sheria za maumbo ya bidhaa, tena kwa sharti kwamba iwe mpya, yaani isiwe imeonekana hadharani kabla ya ombi la usajili kuwasilishwa. Ulificha kilichoweza kujificha chenyewe, ukatoa kile kilichohitaji kufichwa.

Kuhusu sheria yenyewe, Tanzania Bara ina pengo ambalo mafundi wengi hawalijui. Sheria ya Hataza, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987, inashughulikia hataza, yaani haki ya pekee anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na vyeti vya matumizi kwa ajili ya uvumbuzi mdogo. Haina sehemu inayohusu kusajili umbo la bidhaa. Mlango uliopo kwa mtu mwenye umbo ni wa kikanda. Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare, hupokea maombi ya maumbo chini ya Itifaki ya Harare iliyopitishwa Desemba 1982, na mwombaji hutaja nchi wanachama anakotaka haki yake itambuliwe, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Kila nchi iliyotajwa hupewa miezi 6 ya kusema kama inakataa. Ombi la namna hiyo linaweza kupitia Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Zanzibar ina utaratibu wake, kwa kuwa miliki ubunifu si jambo la Muungano: kuna Sheria ya Miliki za Viwanda ya mwaka 2008, ambayo inayataja maumbo waziwazi, na usajili unafanyika visiwani humo humo. Binafsi sioni sababu ya kumtaka fundi wa Keko apeleke kigoda chake Harare ili sura yake itambuliwe Temeke, lakini ndivyo sheria zilivyoandikwa.

Je, picha uliyomtumia mteja mmoja ni kuonyesha hadharani? Hapo ndipo maneno machache yangekusaidia. Katika sheria nyingi za maumbo, kitu kilichotolewa kwa siri na kisha kikavujishwa na aliyeaminiwa hakihesabiwi kuwa kimeonyeshwa kwa umma. Lakini ni lazima ionekane kwamba siri ilikuwapo. Ujumbe wa simu wenye sentensi moja, kwamba picha hii ni kwa ajili yako tu na usimpe mtu mwingine kabla sijakuruhusu, una tarehe, una jina la aliyepokea, na unaweza kuwekwa mbele ya hakimu. Wewe hukuuandika. Sasa kigoda kinauzwa mtaani, na kwa kusema kweli, umbo hili lihesabu kuwa limeshapotea.

Kilichobaki ni utaratibu wa kukunjika. Kama wewe mwenyewe hujauza kigoda hata kimoja, na kama mwigaji ameshindwa kuupata utaratibu huo, basi bado haujajulikana, na unaweza kuuliza BRELA kuhusu hataza au cheti cha matumizi. Lakini siku utakapouza cha kwanza, mnunuzi yeyote mwenye bisibisi ataufungua na kuuona, kwa hiyo uamuzi huo ufanye kabla ya kuuza. Pamoja na hayo, fikiria kupiga chapa yako ya moto chini ya kila kigoda na kuisajili chapa hiyo kuwa alama ya biashara. Alama ya biashara ikishasajiliwa Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Haitamzuia jirani kutengeneza kigoda kinachofanana na chako; itamzuia kusema kwamba kimetoka kwako, na kwa jinsi bawaba zake zilivyo, hilo nalo lina faida.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chuo cha ufundi mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wanalalamika kwamba tunawafundisha aina nyingi mno za uchoraji ilhali programu za kompyuta zinatoa picha nzuri kwa kubofya mara moja. Zaidi ya hapo, mmoja aliniuliza ni mchoro upi unaopelekwa ofisini mtu anapotaka kusajili umbo, nami nikakosa jibu la uhakika.

JIBU: Mwalimu, ningewajibu wanafunzi wako kwamba kila mchoro una msomaji wake, na kwamba aibu nyingi za karakana zinatokana na kumpa msomaji mmoja mchoro wa mwenzake. Mchoro wa mkono mtupu, uliopigwa harakaharaka kwa penseli, ni mazungumzo ya mbunifu na nafsi yake au na mwenzake waliye naye meza moja. Thamani yake ni kwamba hauogopi kukosea, na ndiyo maana picha safi ya kompyuta haiwezi kuuchukulia nafasi. Ukimwonyesha mteja picha inayong'aa siku ya kwanza, atakuambia ni nzuri na kunyamaza. Ukimwonyesha mistari mitano iliyopinda, atachukua kalamu na kukuambia mguu huo urefushwe. Mchoro wa mtazamo wa mbali, ambamo mistari hukimbilia nukta moja au mbili za upeo, humfaa mteja kwa sababu unafanana na anavyoona kwa macho, lakini haupimiki. Ule wa isometriki, ambao William Farish wa Cambridge aliufafanulia kanuni zake mwaka 1822, na ambao kingo zake huinuka kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa ulalo, unakaa katikati: unaonyesha pande tatu kwa pamoja na bado unapimika kwa rula.

Mchoro wa karakana ni ule wa mionekano, yaani mbele, juu na ubavuni, kila mmoja umekaa mahali pake na vipimo vyake. Msingi wake wa kihesabu uliwekwa na Mfaransa Gaspard Monge alipokuwa katika shule ya wahandisi wa jeshi huko Mézières, katika karne ya 18. Alitatua kwa rula na bikari hesabu za ngome ambazo wenzake walizihangaikia kwa tarakimu kwa muda mrefu, na jeshi likaifanya njia hiyo kuwa siri yake kwa miaka mingi, mpaka alipoifundisha waziwazi jijini Paris mwaka 1795. Kwa hiyo hata lugha hii ya kuelezea maumbo iliwahi kufungiwa kabatini, jambo ambalo huwa nawasimulia vijana wanaodhani kwamba usiri wa kibiashara ni mambo ya leo.

Lugha hiyo ina lahaja mbili, na hapa naomba uwabane wanafunzi. Katika pembe ya kwanza, ambayo Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya waliizoea, mwonekano wa juu huchorwa chini ya ule wa mbele, na mwonekano wa ubavu wa kushoto huchorwa upande wa kulia. Katika pembe ya tatu, ambayo Wamarekani wanaitumia, kila mwonekano hukaa upande unakotazamwa. Niliwahi kumpelekea fundi mmoja mchoro wa kabati nilioupanga kwa pembe ya tatu bila kuweka ile alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha, ambayo kazi yake ni kutaja lahaja inayotumika. Naye akausoma kama alivyofundishwa. Kabati lilikuja limepigwa msasa na vanishi kwa ustadi wa kupigiwa mfano, na tundu la kupitishia waya wa taa likiwa ubavu wa kushoto, wakati swichi iko ukutani kulia. Kosa lilikuwa langu.

Wala usiruke hatua ya mfano wa kushikika. Kadibodi na gundi vinatosha kwa kiti, udongo wa mfinyanzi unatosha kwa mpini wa kisu, kwa kuwa mkono hugundua mambo ambayo jicho halikuyaona kwenye karatasi, kama vile mpini kuwa mnene kwa kiganja cha mtoto.

Sasa nije kwenye swali la mwanafunzi wako, ambalo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mchoro unaopelekwa kwa msajili haubaki kuwa maelezo ya haki, bali unageuka kuwa mpaka wa haki yenyewe. Kesi inayonisaidia kulieleza hili ni ya sanduku la watoto liitwalo Trunki, la Mwingereza Rob Law: sanduku la magurudumu ambalo mtoto hulipanda na kuvutwa nalo uwanja wa ndege. Umbo lake lilisajiliwa kwa ajili ya Umoja wa Ulaya mwaka 2003 kwa picha sita zilizotengenezwa na kompyuta, za rangi ya kijivu chenye vivuli, magurudumu na mkanda vikiwa vyeusi zaidi kuliko mwili. Baadaye kampuni nyingine ikaleta sanduku la aina hiyo hiyo, lililopambwa kama mdudu mwenye vipapasio au chui milia mwenye masikio. Jaji wa kwanza, mwaka 2013, alilinganisha umbo kwa umbo na kumpa ushindi mwenye Trunki. Mahakama ya Rufani ilibatilisha hukumu hiyo mwaka 2014, na tarehe 9 Machi 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakubaliana nayo: picha zile hazikuonyesha umbo peke yake, zilionyesha mnyama mwenye pembe, asiye na mapambo mwilini, mwenye magurudumu ya rangi tofauti na mwili, na sanduku la mpinzani halikutoa taswira hiyo. Majaji walikiri kwamba wazo la sanduku la kupandwa lilikuwa la kijanja na walimwonea huruma mwenyewe, lakini usajili wa umbo haulindi wazo.

Tazama basi jinsi uchaguzi wa njia ya kuchora ulivyoamua kesi. Kivuli kilichowekwa ili picha ipendeze kilihesabiwa kuwa sehemu ya dai. Kama umbo lingepelekwa kwa mistari mitupu, bila kivuli wala tofauti ya rangi, dai lingekuwa pana zaidi na mapambo ya mpinzani yangekuwa na uzito mdogo. Ndiyo sababu namshauri mtu anayeona kwamba upya wa kitu chake uko katika umbo apeleke mchoro wa mistari wenye pande zote, usio na vipimo, kwa kuwa haki hii ni ya sura na haijali sentimita. Na yule ambaye upya wake uko katika nakshi na rangi, huyo apeleke picha ya rangi akijua kwamba amejifunga humo. Wamarekani wamelipeleka jambo hili mbali zaidi: mstari kamili ni sehemu ya dai, mstari wa vikatovikato unaonyesha kitu kilichopo lakini hakidaiwi. Si mchezo wa wachoraji tu. Katika kesi ya Apple na Samsung, baraza la wazee wa mahakama huko California liliamuru mwezi Mei 2018 Samsung iilipe Apple dola milioni 539, na kati ya hizo takriban milioni 533 zilitokana na hataza tatu za sura ya simu (huko usajili wa sura nao huitwa hataza), wakati hataza mbili za namna simu inavyofanya kazi zilipata milioni 5 hivi.

Kwa hiyo, mwalimu, mchoro wa karakana na mchoro wa msajili ni karatasi mbili. Wa kwanza ukiwa na upungufu, kitu kinakosewa. Wa pili ukiwa na ziada, haki inapungua.

SWALI: Nauza viatu vya ngozi na shanga jijini Nairobi, na wateja wangu karibu wote nawapata Instagram. Mwaka juzi nilibuni kandambili yenye mkanda unaozunguka kifundo mara mbili, nikaiweka mtandaoni, ikapendwa sana. Sasa nataka kuisajili kabla wenye maduka makubwa hawajaichukua. Nimechelewa?

JIBU: Dada yangu, kwa kandambili ile, naona umechelewa. Sheria ya Miliki ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inataka umbo liwe halijachapishwa popote duniani kabla ya tarehe ya ombi, na picha ya mtandaoni iliyokaa tangu mwaka juzi ni vigumu kuieleza kwa namna nyingine.

Usijione mzembe, kwa maana waliokutangulia katika kosa hili wana mawakili wengi kuliko sisi sote. Desemba 2014 mwanamuziki Rihanna, alipotangazwa kuwa mkurugenzi wa ubunifu wa Puma, aliweka Instagram picha akiwa amevaa viatu vyeupe vyenye soli nene nyeusi. Puma ikaomba usajili wa umbo la kiatu hicho Ulaya mwaka 2016. Sheria ya Ulaya humpa mbunifu miezi 12 ya kuonyesha kazi yake kabla ya kuomba, lakini hapa ilikuwa imepita zaidi ya hiyo, na mpinzani wa Puma alichohitaji kuleta mahakamani ni zile picha tu. Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua mwezi Machi 2024 kwamba sifa zote muhimu za kiatu zilionekana ndani yake na kwamba watu wa mitindo walikuwa wakimtazama mwanamke huyo, hivyo usajili ukabatilika. Miaka sita kabla ya hapo, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeubatilisha usajili wa kiatu cha Crocs, kwa kuwa kilikwisha kuonekana katika maonyesho ya mashua huko Fort Lauderdale, Florida, katika tovuti ya kampuni yenyewe, na madukani, mapema kuliko muda ulioruhusiwa.

Mkataba wa Sheria ya Maumbo uliopitishwa Riyadh mwezi Novemba 2024 unataka nchi zinazojiunga nao zimpe kila mbunifu miezi 12 ya namna hiyo. Mimi nisingeupangia biashara, kwa sababu hata pale penye muda wa hisani, aliyeona picha yako anaweza kukutangulia sokoni huku wewe ukihesabu siku.

Kwa umbo lijalo fuata mpangilio huu. Lipige picha au lichore likiwa karakanani, peleka ombi Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya, KIPI, na ukishapewa tarehe ya kupokelewa, weka Instagram siku hiyo hiyo ukipenda. Usajili wa Kenya hudumu miaka 5 na huweza kuhuishwa mara mbili, kwa hiyo jumla ni miaka 15. Ukiwa na wateja nje, kumbuka kwamba Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unakupa miezi 6 tangu ombi la kwanza ili uombe katika nchi nyingine wanachama ukiwa bado umeshikilia tarehe ile ile; kwa hataza muda huo ni miezi 12, na watu huichanganya miwili hii kwa hasara. Si lazima usajili kila kiatu. Mtindo utakaokufa baada ya sikukuu uache ufe.

SWALI: Nimeambiwa kwamba nikijitumia michoro yangu kwa posta ndani ya bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri, nitakuwa nimeilinda. Ni kweli? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Si kweli. Bahasha hiyo inaweza kusaidia kidogo kuthibitisha kwamba mchoro ulikuwapo tarehe fulani, na mpinzani wako atauliza kama iliwahi kufunguliwa kwa mvuke. Haikupi usajili wa umbo, hataza wala alama ya biashara. Daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, tarehe na sahihi ya shahidi ni ushahidi bora kwa gharama ndogo zaidi, nalo pia ni ushahidi tu.

SWALI: Nafua majiko Kamukunji, Nairobi. Nimebadili jiko la kawaida la mkaa, nikaongeza mlango wa hewa unaoteleza na kulipa umbo la mtungi. Jirani ananicheka kwamba jiko ni la wote na halisajiliki. Nani mkweli?

JIBU: Nyote wawili, kila mmoja kwa nusu yake. Jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, lenye kiuno chembamba, ambalo leo linaonekana kama lilizaliwa Nairobi, lilitokana na ndoo ya jiko ya Thailand na kurekebishwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Halikuwekewa hataza. Mafundi wa Shauri Moyo na kwingineko walilinakili, wakanakiliana, likavuka mipaka hadi Tanzania, Uganda na Rwanda likipewa majina ya huko. Wapo wanaosema kwamba kukosa hataza ndiko kulikolieneza, nami naona wana hoja. Lakini kulikuwa na bei yake, kwani kikombe kilichochomwa vibaya na bati jembamba vilienea pamoja nalo, na mnunuzi hakuwa na njia ya kumtambua fundi hodari. Jiko hilo halimilikiwi na mtu, na hutaweza kulifanya lako.

Kilicho chako ni ulichoongeza, na umeongeza vitu viwili vya asili tofauti. Umbo la mtungi ni sura, na linaweza kuwa umbo la kusajiliwa, mradi mtungi huo usiwe unatokana na sababu za moto peke yake. Sheria ya Kenya haitoi haki ya umbo kwa kitu ambacho sura yake imelazimishwa tu na kazi kinachoifanya. Mlango wa hewa unaoteleza ni utendaji, na mahali pake ni cheti cha modeli ya matumizi, ambacho hakidai uvumbuzi mkubwa kama hataza, ila kinataka jambo liwe jipya na liweze kutengenezwa viwandani. Hiki hudumu miaka 10 na hakihuishwi.

Michoro yake nayo ni tofauti. Kwa mtungi, onyesha jiko zima kwa nje, pande zote, mlango ukiwa umefungwa. Kwa mlango, chora vipande vilivyoachanishwa, kila kimoja kikielekea tundu lake, uvipe namba, kisha eleza kwa maneno hewa inaingia wapi na inazuiwa na nini. Msajili wa umbo hataki kujua hewa inapita wapi; mkaguzi wa modeli ya matumizi hataki kujua mtungi unapendeza kiasi gani. Na kama majiko hayo yamekwisha kupangwa barabarani, rudia kusoma jibu alilopewa dada wa viatu.

SWALI: Nachora kanga Mombasa. Natuma michoro yangu kwa simu kwa wachapishaji wa nje, na mara mbili sasa rangi zimerudi tofauti: nyekundu imekuwa ya matofali. Pia nauliza kama hakimiliki inanilinda, maana wengine wanachukua mji wa kanga yangu na kubadili jina tu.

JIBU: Dada mchoraji, nyekundu uliyoiona kwenye kioo cha simu ni mwanga, na nyekundu iliyochapwa ni rangi iliyonywewa na pamba, kila kioo kina nyekundu yake, kwa hiyo mchapishaji hakukosea kwa makusudi. Tuma namba ya rangi kutoka kitabu cha sampuli kama cha Pantone, na yeye awe na kitabu hicho hicho, au kata kipande cha kitambaa chenye rangi unayoitaka ukitume kwa posta, kama wafanyabiashara wa zamani walivyofanya. Tenganisha mchoro kwa rangi, kila rangi karatasi yake, kwa kuwa kila rangi itakuwa na skrini yake, na weka alama za kulinganisha pembeni ili pindo lisilalie mji. Kisha dai kipande cha majaribio kabla ya kukubali doti hata moja.

Kuhusu hakimiliki, usiutegemee mlango huo peke yake kwa kazi ya sanaa inayokusudiwa tangu mwanzo kuwa kiolezo cha kuzalishwa kwa wingi viwandani. Mchoro wa kanga unachorwa kwa lengo hilo hilo. Sajili kuwa umbo KIPI, kwa sababu sheria haitaji umbo la kushikika peke yake, inataja pia mpangilio wa mistari na rangi unaokipa kitu cha kiwandani au cha mkono sura yake ya pekee. Kulinda vitambaa vilivyochapwa si jambo geni hata kidogo: sheria ya kwanza ya Uingereza kuhusu ubunifu, ya mwaka 1787, ilitungwa kwa ajili ya wachapaji wa kitani na pamba, nayo iliwapa miezi 2 tu.

Wewe utapata miaka 5 kwa kuanzia, mradi ombi litangulie kabla kanga haijafika dukani. Peleka pindo na mji pamoja kama doti moja linavyoonekana limekunjuliwa, na uache sehemu ya jina ikiwa tupu, ili anayebadili jina asidai kwamba kanga yake ni nyingine. Fikiria pia alama ya kudumu ukingoni. Wenye kanga za Mali ya Abdulla wa Mombasa wamejulikana kwa maneno hayo kwa vizazi, na mnunuzi huyatafuta hata kabla ya kusoma jina. Jina lenyewe, kama ni methali uliyoisikia kwa bibi yako, halisajiliki kuwa lako, hata kama wewe ndiye wa kwanza kuliandika kwenye kitambaa.